Mlima Hanang na Pande Zake Mbili: Gitting, Katesh na Historia ya Watu Waishio Miguuni pa Mlima

Utangulizi

Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, siku ambayo sharika zetu zilikuwa zikijiandaa kuingia katika majira ya Majilio, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang na kuingia katika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha yao. Nyumba zilifunikwa, mifugo ilizolewa, na barabara kuu iendayo Singida ilijaa tope. Habari zilipoenea, wako waliosema kwamba mlima umelipuka, kwa kuwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kuwa Hanang ni mlima wa volkano. Serikali ililazimika kutangaza kuwa haukuwa mlipuko. Wako pia, kama ilivyo desturi katika kila msiba mkubwa, waliouliza ni dhambi gani iliyotendwa na watu wa mahali pale hata wakapatwa na jambo lile.

Swali hilo la mwisho humfikia mchungaji kabla halijamfikia mtaalamu wa miamba. Humfikia akiwa amesimama mbele ya majeneza, wala hapati nafasi ya kwenda maktaba. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kuandika makala hii. Hatukusudii kutoa mahubiri juu ya maafa. Tunakusudia kurudi nyuma na kuuliza maswali mawili ya kihistoria: Je, mlima huu ni wa namna gani? Na watu wanaoishi miguuni pake walifikaje kuishi pale wanapoishi? Tutaanza na upande wa Gitting, ambao haukutajwa sana mwaka ule, kisha tuuzunguke mlima hadi Katesh. Maoni yetu ni kwamba Hanang hulisha na huua kwa njia moja, yaani kwa maji na udongo wake, na kwamba nani analishwa na nani anauawa ni jambo ambalo historia ya binadamu imechangia sana kuliamua.

Umbo na Asili ya Mlima

Hanang una urefu wa mita 3,417 juu ya usawa wa bahari. Katika Tanzania unahesabiwa kuwa wa nne, baada ya Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Lakini hesabu hiyo haielezi vizuri jinsi mlima huu unavyoonekana kwa macho. Loolmalasin umezungukwa na milima mingine ya nyanda za Ngorongoro, hivyo msafiri aweza kuupita asiujue. Hanang umesimama peke yake. Mji wa Katesh uko katika mwinuko wa takriban mita 1,700, na kutoka pale kilele kiko mwendo wa kilometa chache tu kwa ndege arukaye. Maana yake ni kwamba katika nafasi hiyo ndogo nchi inainuka kwa mita zipatazo 1,700. Mtu atokaye Singida huuona mlima huu saa nyingi kabla ya kuufikia, na mchungaji wa ng'ombe katika tambarare za Basotu huutumia kujua alipo.

Mlima huu ulijengwa na volkano karibu miaka milioni moja iliyopita, katika sehemu ambapo mkono wa mashariki wa Bonde Kuu la Ufa unaanza kufifia kuelekea kusini. Upande wa kaskazini unainuka ukuta wa Bonde la Ufa, na juu ya ukuta huo ziko nyanda za juu za Mbulu. Katikati ya ukuta na mlima limelala Ziwa Balangida, ziwa la magadi na chumvi lisilo na mto utokao, ambalo katika miaka ya ukame hukauka na kubaki uwanja mweupe. Upande wa magharibi kuna Ziwa Basotu, ambalo maji yake ni baridi nalo ni makao ya viboko. Hilo limekaa ndani ya kasoko ya kale. Upande wa mashariki, karibu na Babati, unaonekana Mlima Kwaraa.

Mambo mawili juu ya asili hiyo ni ya muhimu kwa hoja yetu. La kwanza ni kwamba volkano haikujenga mlima kwa mwamba mmoja mgumu. Ilijenga kwa kupanga tabaka za lava juu ya tabaka za majivu na vipande vya mawe. Tabaka hizo za majivu zikikaa muda mrefu katika mvua na jua huoza na kuwa udongo laini. Udongo huo una rutuba nyingi, na ndio uliowavuta wakulima. Lakini ukilowa kupita kiasi hupoteza nguvu ya kushikamana, hasa mahali pa mteremko mkali. La pili ni kwamba mlima huu umekwisha kubomoka zamani. Kileleni hakuna kasoko kamili ya mviringo, bali kuna ukingo uliopinda uliobaki baada ya upande mmoja kubomoka, na kutoka hapo makorongo makubwa yanateremka. Kwa hiyo kuporomoka si jambo lililoanza mwaka 2023. Mlima umekuwa ukiporomoka kidogo kidogo, na mara nyingine kwa wingi, tangu moto wake ulipopoa.

Upande wa Gitting na Upande wa Katesh

Mawingu ya mvua katika nchi yetu hutoka hasa upande wa Bahari ya Hindi. Yanapokutana na mlima uliosimama peke yake hulazimika kupanda, yakipanda hupoa, na yakipoa huachilia mvua. Kwa hiyo miteremko ya mashariki na kaskazini ya Hanang hupata mvua na ukungu zaidi kuliko miteremko ya kusini na magharibi, ambayo iko katika kivuli cha mvua. Mlima ni mmoja, lakini pande zake ni kama nchi mbili.

Gitting iko katika upande wenye unyevu. Ni nchi ya baridi. Asubuhi ukungu hushuka hadi kwenye mashamba, na watu huvaa makoti na mablanketi katika miezi ambayo Katesh kuna joto la wastani. Wakulima hupanda mahindi, maharage, viazi na ngano katika udongo mweusi wa volkano. Anayepanda mlima kutoka Gitting huyaacha mashamba na kuingia katika msitu mnene ambao miti yake imevikwa kuvu na mimea itambaayo. Juu ya msitu hukuta vichaka vya mimea ya nyanda za baridi, kisha nyasi na miamba, hadi kufikia ukingo mwembamba uendao kileleni. Katika upande wa Katesh msitu ni mkavu zaidi na haushuki chini sana, na njia ya wapandaji itokayo Jorodom inapita katika miteremko mikali iliyo wazi.

Msitu huu wa mlimani ulihifadhiwa tangu wakati wa ukoloni. Eneo lake ni karibu hekta 5,900, na katika miaka ya karibuni umepewa hadhi ya Hifadhi ya Mazingira Asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hekta hizo ni chache ukilinganisha na idadi ya watu wanaozitegemea. Ukungu unaonaswa na majani ya msitu hudondoka kama mvua ya pili, hupenya udongoni, na hutokeza chemchemi zinazolisha vijiji pande zote. Katika nchi iliyozunguka maziwa ya magadi, ambako visima vingi vya bondeni vina floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia na kudhuru mifupa, chemchemi ya mlimani ni hazina. Basi mtu wa Katesh, ingawa mvua yake ni haba, anaishi kwa maji ambayo mlima umeyakusanya juu yake. Hakuna upande wa mlima unaojitegemea.

Majina ya Mlima na Wakazi Wake

Watu waliokaa muda mrefu zaidi wakiuita mlima huu wao ni Wabarabaig, ambao ni tawi la Wadatooga. Lugha yao ni ya jamii ya Kiniloti. Masimulizi yao yanasema kwamba zamani walikaa nyanda za Ngorongoro, na kwamba katika karne ya 19 walisukumwa kuelekea kusini na Wamaasai. Wamaasai waliwaita Mang'ati, jina lenye maana ya maadui, na kwa bahati mbaya jina hilo la vita ndilo lililoingia katika midomo ya majirani na katika vitabu vya wageni. Tunawasihi wanafunzi wetu watumie jina ambalo watu hujiita wenyewe. Mhubiri anayemwita mtu adui tangu siku ya kwanza atahangaika sana kumwambia kuwa ni ndugu.

Kwa Wabarabaig mlima huu ni mahali patakatifu, na jina lake limo katika nyimbo zao. Mungu aliye juu wanamwita Aseeta. Wazee wao wanaoheshimiwa huzikwa kwa ibada ndefu, na juu ya kaburi hujengwa kilima cha udongo na miti kiitwacho bung'eda. Kaburi la namna hiyo si kumbukumbu tu. Ni alama ya kuwa ukoo fulani una haki na wajibu katika nchi ile. Ni vema kukumbuka jambo hilo, kwa kuwa tutalirudia.

Watu wa pili ni Wairaqw, ambao Waswahili wamezoea kuwaita Wambulu. Lugha yao ni ya jamii ya Kikushi, na kitovu chao cha kale ni Irqwa Da'aw, yaani Mama Isara, katika nyanda za juu za Mbulu. Huko walikuwa wakulima hodari wa milimani waliojua kuzuia mmomonyoko wa udongo. Katika karne ya 20 idadi yao iliongezeka, wakashuka kutoka katika kitovu chao na kuenea kusini na magharibi, hata kuingia nchi za malisho za Wabarabaig. Katika imani yao ya asili Looa ni mwenye wema naye huhusishwa na jua, na Neetlangw ni wale walio ardhini na katika chemchemi, ambao wanaogopwa. Msomaji ataona kwamba watu hawa walijua tangu zamani kuwa maji ya ardhini yana uzima na hatari pamoja. Hatusemi kwamba mafundisho yao ndiyo yetu. Tunasema tu kwamba waliitazama nchi yao kwa makini.

Pamoja na hao wako Wagorowa, ambao kitovu chao ni karibu na Babati, na pia Wanyaturu, Warangi na wengine waliofuata biashara, kilimo na kazi za serikali. Miguuni pa mlima mmoja zimekutana jamii za lugha za Kikushi, Kiniloti na Kibantu, jambo ambalo ni nadra katika bara la Afrika. Usharika mmoja wa Hanang waweza kuwa na washarika ambao lugha za mama zao hazina undugu wowote, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha katika ibada.

Mlima katika Ramani za Watawala

Wajerumani walipoitawala nchi waliuandika mlima huu katika ramani zao kwa jina la Gurui. Mwanajiografia Fritz Jaeger, katika safari yake ya mwaka 1906 na 1907, aliichunguza nchi yote kati ya Ngorongoro na Hanang, akaeleza milima yake ya volkano na maziwa yake ya magadi. Kazi yake ilikuwa ya bidii na ina faida hata leo. Lakini ramani huonyesha pia nia ya mwenye kuichora. Mtawala aliangalia wapi pana ardhi ya kulimwa, wapi pana maji, na wapi ipite njia ya askari na wakusanya kodi. Njia za ng'ombe, mahali pa chumvi na makaburi ya wazee hayakuwa na alama katika ramani.

Kutokuwa na alama katika ramani ni jambo lenye madhara ya muda mrefu. Mfugaji wa Kibarabaig hakuishi mahali pamoja mwaka mzima. Alihamisha mifugo kwa utaratibu kati ya tambarare, kingo za maziwa, miteremko ya Bonde la Ufa na miguu ya mlima, kulingana na mvua na nyasi. Malisho yaliyo bora kuliko yote, yaani mabonde yenye rutuba ya tambarare za Basotu ambayo wao huyaita muhajega, yalitumiwa kwa majira maalumu, kisha yakaachwa yapumzike. Mgeni aliyepita wakati wa kupumzishwa aliona nchi tupu. Kumbe haikuwa tupu. Ilikuwa imetunzwa.

Mipaka ya utawala nayo ilibadilika. Wilaya kubwa ya Mbulu iligawanywa mwaka 1969 na Wilaya ya Hanang ikazaliwa, ikichukua jina la mlima. Mwaka 1985 Babati ilitengwa kuwa wilaya yake, na Katesh ikawa makao makuu ya Hanang. Mwaka 2002 wilaya hizo zote zilitolewa katika Mkoa wa Arusha na kuingizwa katika Mkoa mpya wa Manyara. Mambo haya yanaweza kuonekana kuwa ya makarani, lakini kila makao makuu huvuta watu. Katesh ilipata ofisi, shule, masoko na barabara, na nyumba zikaongezeka mwaka hadi mwaka chini ya miteremko mikali ya kusini.

Ngano Katika Tambarare

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali yetu ikisaidiwa na Kanada ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika tambarare za Basotu, magharibi ya mlima. Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba saba ambayo kwa jumla, pamoja na ardhi iliyoandaliwa kwa ajili yake, yalifikia takriban ekari 100,000. Nia ilikuwa njema: taifa lijilishe kwa mkate wake. Matrekta makubwa yalilima mistari mirefu katika udongo uleule wa volkano, na kwa miaka kadhaa sehemu kubwa ya ngano iliyozalishwa nchini ilitoka huko.

Lakini ardhi iliyochukuliwa ilikuwa ndiyo muhajega. Wabarabaig walipoteza malisho yao bora, njia za mifugo zilizibwa, na baadhi ya makaburi ya bung'eda yalilimwa. Walikwenda mahakamani. Wanakijiji wa Mulbadaw walishinda kwanza katika Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani ikatengua ushindi huo. Mwaka 1989 Wabarabaig waliandika barua ya wazi kwa watu wa Kanada wakieleza yaliyowapata. Msaada wa Kanada ulikoma mapema katika miaka ya 1990, na baadaye mashamba yaliondolewa mikononi mwa shirika la umma. Sehemu yake ilirudi kwa wanavijiji, na sehemu ikabaki mikononi mwa wawekezaji.

Kwa nini tunaeleza habari za ngano katika makala inayohusu mlima? Kwa sababu maji hayapandi, lakini watu hupanda. Tambarare ilipofungwa, mifugo na watu walisogea kuelekea mahali palipobaki: kingo za maziwa, mabonde ya vijito na miguu ya mlima. Kabla ya hapo, Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976 ilikuwa imekwisha kuwakusanya watu karibu na barabara na huduma. Wakulima nao, wakiongezeka, walitafuta udongo wa miteremko. Hivyo, kwa sababu nyingi zilizofuatana, na bila mtu yeyote kukusudia mabaya, watu wengi zaidi walifika kuishi mahali ambapo wazazi wao walipita tu na mifugo.

Tope la Mwaka 2023

Sasa tunaweza kurudi kwenye alfajiri ile ya Majilio. Mvua za vuli za mwaka 2023 zilikuwa kubwa sana katika Afrika Mashariki yote. Bahari ya Pasifiki ilikuwa katika hali ya El Niño, na maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko kawaida. Mambo hayo mawili yakikutana, hutuletea mvua nyingi. Miteremko ya Hanang ililoweshwa kwa wiki nyingi. Wataalamu wa serikali walieleza kuwa sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji hata ikashindwa kuubeba uzito wake, ikameguka. Picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha makovu mapya katika miteremko ya juu. Tope lilifuata makorongo, likazoa mawe na miti njiani, na lilipofika mahali nchi inapolegea na kuwa tambarare likatawanyika. Mahali hapo palikuwa na nyumba.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo. Ardhi tambarare iliyo mdomoni mwa korongo huwavutia wajenzi, kwa kuwa haina mteremko, udongo wake ni mzuri na maji yako karibu. Lakini imekuwaje kukawa na tambarare mahali pale? Ni korongo lenyewe lililoitandaza. Kila mara mlima ulipomeguka katika miaka elfu nyingi zilizopita, tope lilishuka kwa njia ileile na kutua palepale, tabaka juu ya tabaka. Ardhi ile nzuri ni kumbukumbu ya maporomoko yaliyopita. Mlima uliandika historia yake pale chini, lakini hapakuwa na mtu aliyewasomea watu maandishi hayo kabla hawajaweka misingi.

Ndiyo maana hatukubaliani na wale wanaotupa lawama yote kwa mkulima aliyekata mti. Kulinda msitu ni wajibu, na mteremko usio na mizizi humomonyoka upesi. Hata hivyo makovu ya mwaka 2023 yalianzia juu ya mashamba. Hatukubaliani pia na wale wanaosema ni kazi ya asili tu, kana kwamba binadamu hakuhusika. Asili ilimegua mteremko. Lakini kwamba njia ya tope ilikuwa imejaa nyumba ni jambo lililotokana na mipaka, mashamba, barabara, masoko na viwanja vilivyogawiwa, yaani historia.

Baada ya maafa, serikali ilijenga nyumba zaidi ya 100 katika eneo la Waret kwa ajili ya waliopoteza makazi. Jina hilo linakumbukwa na wazee, kwa kuwa mojawapo ya mashamba ya ngano liliitwa hivyo. Basi baadhi ya waliofukuzwa na tope wamepata makao katika nchi ambayo historia yake ilianza na malisho, ikaendelea na matrekta, na sasa inaendelea na vyumba vya kulala watoto. Tunawatakia amani huko.

Hitimisho

Tulianza na swali la mfiwa anayeuliza dhambi ilikuwa ya nani. Wasomaji wetu wanakumbuka kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwahi kuuliza swali kama hilo kuhusu watu walioangukiwa na mnara kule Siloamu, kama ilivyoandikwa katika Luka sura ya 13. Hakukubali kuwa waliokufa walikuwa wakosaji kuliko wengine waliokaa Yerusalemu. Jibu hilo linatosha kumzuia mchungaji yeyote asiseme neno la hukumu juu ya majeneza ya Katesh.

Lakini katika jibu hilo kulikuwa pia na mwito wa kugeuka uliowahusu walio hai. Kwa maoni yetu, mwito huo una upande wa vitendo katika sharika zilizo miguuni pa milima. Kanisa lina majengo, mitaa na wainjilisti hata katika vitongoji ambako ofisa wa serikali hafiki mara kwa mara. Mchungaji anayeijua nchi ya usharika wake anaweza kuuliza, kabla ya kuweka jiwe la msingi la kanisa au shule, kama mahali pale ni mdomo wa korongo. Anaweza kuwakalisha wazee wa Kibarabaig na wa Kiiraqw pamoja, akawauliza ni makorongo gani yaliwahi kushuka, na majina ya mahali yana maana gani, kwa kuwa mara nyingi jina la kale ni onyo lililosahauliwa. Anaweza kuyaandika hayo katika kumbukumbu za usharika, ili atakayemfuata asianze upya. Anaweza pia kusema kwa ajili ya mfugaji aliyesukumwa, kwa kuwa haki ya ardhi tambarare na usalama wa miguu ya mlima ni jambo moja.

Wanafunzi wetu wengi hujifunza kwa bidii jiografia ya Kanaani: wanajua Hermoni na Karmeli, na jinsi umande unavyoshuka huko. Tunafurahia ujuzi huo. Hata hivyo yuko mwanafunzi aliyezaliwa Gitting, akanywa maji ya chemchemi za Hanang tangu utoto, na ambaye bado hajaulizwa na mwalimu yeyote aeleze ni kwa nini mvua hunyesha kwao zaidi kuliko Katesh. Siku atakapoulizwa, na akajibu, na akalipeleka jibu hilo hadi kwenye kikao cha wazee wa usharika kinachopanga kiwanja cha nyumba ya mwinjilisti, makala hii itakuwa imefanya kazi yake.